Mvua ya Jumatatu: kisa cha rekodi ya mvua na kijito kimoja cha bonde la Lukuledi

Nilikuwa mtu wa takwimu katika timu ya watu watatu. Wawili wengine walikuwa mhandisi wa barabara na mtaalamu wa maendeleo ya jamii. Jina la kijiji, la shule na la watu nimeyaondoa, na baadhi ya miaka nimeisogeza kidogo ili asitambulike mtu. Makosa sijayasogeza, na mengi ni yetu.

Mahali na swali

Mto Lukuledi unateremka kutoka pande za Masasi na Nachingwea, unapita kati ya uwanda wa juu wa Makonde na ule wa Rondo, halafu unamwaga maji yake kwenye ghuba ya Lindi. Vijito vingi vinavyouingia ni vya msimu. Agosti unavuka na viatu mkononi. Februari unakaa ng'ambo na mzigo wako ukisubiri maji yapungue. Mvua za kusini huku ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mara nyingine zinachungulia Mei. Hakuna vuli na masika kama za Tanga. Kifuku, yaani msimu huo wa mvua, kikikosea, mwaka umekosea.

Kijito chetu kina eneo la kukusanya maji ambalo ungelizunguka kwa baiskeli kwa siku nzima. Chini kuna majaruba ya mpunga, katikati barabara ya udongo inayounganisha vijiji vitatu na zahanati, na juu kuna miteremko ambayo zamani ilikuwa miombo na leo ni mikorosho na ufuta. Mwishoni mwa Januari 2020, wakati mkoa wa Lindi, hasa Kilwa, ulipopata mafuriko yaliyoua watu, kivuko cha magogo cha hapo kilisombwa pamoja na kipande cha tuta la barabara.

Halmashauri ikatuuliza swali moja: mvua kubwa na maji ya mto yameongezeka kiasi gani tangu zamani, ili tujue tujenge kitu gani?

Swali lilionekana jepesi kwa sababu palikuwa na data. Kipimamvua kiliwekwa misheni miaka ya 60, kikahamishiwa shule ya msingi katikati ya miaka ya 90. Kwenye kijito palikuwa na geji, yaani mbao za chuma zenye namba, zilizofungwa kwenye nguzo na kusomwa na mzee mmoja wa pale pale. Yapo mapengo, hasa miaka ya 80 mwanzoni, lakini tulibaki na miaka 41 inayotumika. Kwa vijito vya kusini hiyo ni mali.

Ripoti ya kwanza, iliyotupendeza

Data zilitufikia zikiwa zimechapwa tayari kwenye kompyuta. Nikafanya kazi ya kawaida. Kwa kila mwaka nikachukua jumla ya mvua, idadi ya siku zenye mvua, mvua ya siku moja iliyozidi zote, na jumla kubwa ya siku tano mfululizo. Kisha nikatumia kipimo cha Mann-Kendall. Kazi yake inaeleweka hata bila hesabu nyingi: unalinganisha kila mwaka na kila mwaka uliofuata, unahesabu mara ngapi wa baadaye ulizidi na mara ngapi ulipungua. Kwa miaka 41 unapata jozi 820. Kama wanaozidi ni wengi mno kuliko bahati inavyoruhusu, kuna mwelekeo.

Jibu lilikuja safi. Jumla ya mwaka haikubadilika. Siku za mvua zilipungua. Mvua kubwa ya siku moja ilipanda kwa nguvu. Kwenye mto, vilele vya mafuriko navyo vilipanda.

Mtu yeyote aliyesoma mambo ya tabianchi ataona kwa nini tulifurahi. Hewa ikipata joto zaidi kwa nyuzi 1 ya Selsiasi inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, kwa hiyo tunatarajia mvua inyeshe siku chache zaidi na kwa ukali zaidi. Ndivyo jedwali langu lilivyosema. Jibu likifanana na unalolitarajia, huliulizi umri wala ukoo. Tukaandika rasimu, tukapendekeza boksi kalavati kubwa, yaani tundu la zege la mraba la kupitishia maji chini ya barabara, na tuta la juu, tukaituma.

Kulikuwa na dalili moja niliyoiona nikaipita. Jumla ya siku tano haikuwa na mwelekeo wowote. Kama siku moja inazidi kuwa kali kiasi hicho, siku tano zinazoibeba zingeinuka nazo angalau kidogo. Nikajiambia ni kelele za data.

Daftari la shule

Tulirudi kijijini kwa ajili ya geji ya mto, si kwa ajili ya mvua. Pikipiki ya kunipeleka mtoni ilichelewa, nikakaa ofisini kwa mwalimu mkuu nikaomba kuona daftari la mvua. Ni daftari la kawaida la mistari, jalada limeliwa na mchwa pembeni. Nikafungua Februari ya mwaka mmoja ambao kwenye kompyuta yangu ulikuwa na mvua ya siku moja kubwa kupita kiasi.

Kwenye kompyuta ilikuwa 0, 0, kisha namba kubwa. Kwenye daftari ilikuwa kistari, kistari, kisha namba ile ile.

"Mwalimu, hii Jumamosi mlipima?"

"Jumamosi hatuji kazini, mtaalamu."

"Na maji yaliyokuwa kwenye kopo?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jua linachomozea wapi. "Si yanasubiri Jumatatu?"

Kipimamvua husomwa saa 3 asubuhi kila siku, na namba hiyo inasimamia saa 24 zilizopita. Enzi za misheni kilikuwa karibu na mlango wa mlinzi aliyeishi pale pale, naye hakuwa na Jumapili mbele ya kopo. Kilipohamia shuleni kikaanza kuishi kwa ratiba ya shule. Mvua ya Ijumaa mchana hadi Jumatatu asubuhi ikawa mvua ya "siku moja". Likizo ya Desemba, ambayo huku inaangukia mwanzo wa kifuku, ikawa pengo refu linaloishia na namba ya kutisha. Mwalimu hakudanganya, kistari chake kilisema wazi kwamba hakupima. Aliyechapa, kokote alikokuwa, aligeuza kistari kuwa sifuri kwa sababu kompyuta ilimtaka namba.

Jioni ile, chumba cha wageni, umeme ukija na kuondoka, nilifanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya siku ya kwanza: nikaweka jina la siku ya wiki mbele ya kila kilele cha mwaka. Kabla ya kuhamia shuleni vilele vilitawanyika wiki nzima. Baada ya kuhamia, karibu nusu vilikuwa Jumatatu, wakati kwa bahati tu ungetarajia moja kati ya saba. Mvua haijui Jumatatu.

Ukiunganisha siku tatu kuwa moja, jumla ya mwaka haibadiliki, siku za mvua zinapungua, na kilele cha siku moja kinapanda. Yaani kistari cha mwalimu na joto la dunia vinaacha nyayo zinazofanana kabisa kwenye jedwali. Tofauti iko kwenye siku tano, kwa sababu dirisha la siku tano mara nyingi linaimeza wikiendi nzima. Ndiyo ile dalili niliyoiita kelele.

Mto uliopanda juu

Kesho yake nikafika kwa mzee wa geji.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuuona mto au kuzisoma namba?"

Geji za mto hufungwa kwa mbao za mita moja moja, moja juu ya nyingine. Alinionyesha kwa fimbo: ubao wa kwanza haupo. Haukuibwa, umezikwa. Mchanga umeufunika wote, kwa hiyo kiangazi, maji yakiwa ya kifundo cha mguu, geji inasoma karibu mita moja. "Namba iko sawa," alisema, "ila mto umepanda juu."

Takwimu za mtiririko hazipimwi moja kwa moja kila siku. Kinachosomwa ni kina. Kisha kuna mstari uliochorwa zamani kutokana na vipimo vya kasi na upana, unaokwambia kina fulani ni mita za ujazo ngapi kwa sekunde. Mstari tuliokuwa tukiutumia ulichorwa wakati ubao wa kwanza bado unaonekana. Mchanga ulipopandisha sakafu ya mto, kina kilipanda, na mstari wa zamani ukatafsiri mchanga kuwa maji. Tulipima upya kwa kifaa cha kasi wakati wa kiangazi, na mara mbili kifuku kilichofuata. Kwa kina kile kile cha geji, mto wa leo ulikuwa unabeba maji pungufu sana kuliko mstari ulivyosema.

Hapa mhandisi wetu alisema neno lililogeuza kazi nzima: basi maji hayajaongezeka kama tulivyodhani, ila nafasi ya maji imepungua. Kwa mwenye jaruba matokeo ni yale yale, mpunga unazama. Kwa mjenzi ni kitu tofauti kabisa. Kalavati kubwa kwenye mto unaojaa mchanga ni mtungi mkubwa wa kutunzia mchanga.

Mchanga unatoka juu. Bei ya ufuta ilipopanda watu walilima miteremko, wakisafisha shamba Desemba ili wapande Januari au Februari. Mvua za kwanza kubwa zinakuta ardhi uchi, na udongo wa huku ni wa kichanga, hauhitaji kubembelezwa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Tulipotembea kwenye kingo tulikuta matuta ya mihogo yakiwa yamechungulia majini.

Tulichoamua na kwa nini

Kwanza tulifuta ripoti ya kwanza. Naandika sentensi fupi, lakini ilichukua wiki kadhaa, kwa sababu namba zetu zilikuwa zimeshaingia kwenye andiko la maombi ya fedha la watu wengine, na hakuna anayependa kuambiwa mafuriko yake yamepungua.

Pili, mvua. Vistari vyote tulivirudisha kuwa vistari. Namba iliyofuata kistari tuliihesabu kwenye jumla ya mwezi lakini tukaitoa kwenye mashindano ya siku moja. Data za CHIRPS, zinazochanganya setilaiti na vituo vya ardhini na zinazoanzia 1981, tulizitumia kukagua jumla za miezi tu. Kwa mvua kali ya siku moja katika eneo dogo siziamini kiasi cha kujengea. Baada ya kusafisha, kilele cha siku moja kilibaki na mwinuko mdogo usiofikia uzito wa kitakwimu, yaani bahati tu ingeweza kuuleta. Tukajaribu pia kuongeza msimu wa 2019/20, ambao ulifuata hali ya Bahari ya Hindi ya mwisho wa 2019 iliyokuwa kali kuliko kawaida: upande wa Afrika Mashariki maji ya bahari yalikuwa na joto, upande wa Indonesia baridi. Mwinuko ukanona mara moja. Rekodi inayobadilisha maneno yake kwa mwaka mmoja wa mwisho haifai kuachiwa isimamie jengo peke yake.

Kwa hiyo hatukusema "hakuna ongezeko". Tulichukua makadirio ya mafuriko kutoka rekodi iliyosafishwa, tukaongeza moja ya tano juu yake kwa ajili ya joto linalokuja. Kiasi hicho tulikichagua kwa busara, hakikutoka kwenye kanuni yoyote, na hivyo ndivyo tulivyokiandika.

Tatu, aina ya kivuko. Mkutano wa kijiji ulitaka daraja. Neno hilo lina heshima yake. Kijiji chenye daraja ni kijiji. Mtendaji aliunga mkono, vijana wa bodaboda wakashangilia. Mama mmoja mwenye jaruba upande wa juu wa barabara akasimama: "Hilo tuta lenu litaziba, maji yaje kwangu. Mwaka ule magogo yalipobeba taka, nani alivuna?" Hakuwa amesoma hidroliki, lakini tuta la juu lenye mdomo mmoja ndivyo linavyofanya kazi: linakuwa bwawa.

Tukaelekea kwenye drifti: sakafu ya zege iliyolala chini, yenye matundu ya maji ya kawaida, ambayo mafuriko yanaruhusiwa kuipita juu. Tulisema gharama yake wazi. Kitu kilichosanifiwa kwa mafuriko ya mara moja katika miaka 25, kikiishi miaka 25, kina uwezekano wa asilimia 64 wa kukutana nayo. Drifti inazidi hapo: itafunikwa siku chache karibu kila msimu, na siku hizo mama mjamzito hatavuka. Zikawekwa nguzo za rangi kingoni, nyeupe na nyekundu. Maji yakigusa nyekundu, hakuna kuvuka.

Nne, kopo. Kwa wikiendi na likizo tulimwomba mama lishe anayepika mita chache kutoka uzio wa shule. Posho yake ilikuwa ndogo ya kuaibisha. Mwalimu naye alikubali kuandika "siku 3" pembeni ya namba iliyokusanya siku tatu.

Kilichofuata

Drifti ilikamilika kabla ya msimu wa 2021/22. Misimu miwili ilipita ikifunikwa na kufunuliwa kama ilivyotakiwa, isipokuwa kijana mmoja wa pikipiki aliyedharau nyekundu akapoteza gunia la mchele na nusura maisha.

Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya. Tarehe 4 kilikuwa karibu na Mafia kikipungua nguvu, lakini mvua zake zilishuka hadi Lindi na Mtwara na kukata barabara kuu ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga. Kwenye kijito chetu maji yalipita juu ya zege usiku na mchana. Sakafu haikutikisika. Majaruba ya juu yalizama na kutoka ndani ya siku mbili. Yule mama alivuna pungufu, ila alivuna.

Kilichoondoka ni mwingilio wa upande wa kaskazini, yaani kipande cha barabara kinachoingia kwenye drifti. Mto uliuzunguka ukingo wa zege ukachimba shimo ambalo mtu akisimama ndani humwoni kichwa. Kwa wiki tatu vijiji vitatu vilikuwa na drifti nzima isiyofikika.

Uchambuzi

Mwingilio ule ulikuwa na ulinzi wa gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, mfupi kuliko wa mchoro wa kwanza. Bajeti ilipobana, timu ilikata mita za pembeni badala ya unene wa sakafu, kwa sababu sakafu ndiyo iliyoonekana kuwa kivuko. Lakini tulishajua kwamba mto huu unajaza mchanga. Matundu yakiziba, maji hayapandi juu tu, yanatafuta pembeni. Tulisanifu maji, mchanga tukauandikia aya kwenye ripoti. Leo ningeanza na pembeni.

Mita 60 za kingo hazikuheshimiwa zaidi ya msimu mmoja. Tulipanda mipaka ya vigingi bila kuwapa wenye mihogo mahali pengine pa kulima, halafu tukashangaa vigingi vimekuwa kuni. Sehemu hii ya kazi ilishindwa kabisa, na ndiyo iliyogusa chanzo cha tatizo.

Lugha nayo ilituangusha. Kwenye kikao cha kuwasilisha marekebisho nilisema "mwelekeo hauna uzito wa kitakwimu". Kiongozi mmoja akaruka nayo: kumbe habari za tabianchi ni hadithi. Nilikuwa nimesema kitu kingine: kwamba kituo kimoja, chenye mapengo, katika eneo ambalo miaka inatofautiana sana, hakiwezi kuonyesha ongezeko dogo hata kama lipo. Mtu akitafuta sindano kwa tochi isiyo na betri, kutoiona si ushahidi kwamba haipo. Tangu hapo naandika "rekodi hii haitoshi kuonyesha", na sikubali mhariri aifupishe.

Kilichotuokoa hakikuwa kipimo cha hali ya juu zaidi. Kuna kipimo cha Pettitt cha kutafuta mwaka ambao data ziligeuka, na nilipokitumia baadaye kilinyooshea kidole miaka ile ile ya kuhamia shuleni. Ningekitumia mwanzoni ningeweza kusema "tabianchi iligeuka miaka ya 90" na kuendelea na safari. Kipimo kinakuonyesha mwaka, hakikwambii kwamba mwaka huo kopo lilihama. Hilo lilikuwa kwenye daftari lililoliwa na mchwa, na tulilifungua kwa sababu pikipiki ilichelewa. Siku hizi sianzi hesabu kabla ya kuomba picha za daftari lenyewe, hata kurasa kumi tu, na kabla ya kupanga vilele kwa siku ya wiki. Inachukua dakika tano.

Hidaya ilitufikia wikiendi. Tarehe 4 Mei 2024 ilikuwa Jumamosi; shule ilikuwa imefungwa kama kila Jumamosi. Posho ya mama lishe ilikuwa imekatika tangu mwaka uliotangulia, mradi ulipoisha, na hakuna aliyemwambia aendelee. Nilipopita mwezi Juni nilimkuta akikaanga chapati. Akafuta mikono, akatoa daftari chini ya kabati la vyombo. Silinda ya kupimia ilikuwa ndogo, alisema, ikijaa anamwaga na kuanza tena, na ili asipoteze hesabu akawa anaweka korosho moja kwenye ukingo wa dirisha kwa kila silinda iliyojaa. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu: mistari mitatu, kila mmoja na namba yake.